Kompyuta kuukuu: Tazama mwaka wa mwisho wa huduma kabla ya bei

SUJI, Same. Mwenye duka la kupiga chapa na fotokopi anayepandisha kompyuta kuukuu kutoka Makanya hadi Suji hununua vitu viwili kwa mpigo: mashine na mfumo endeshi uliomo ndani yake. Mashine hukaguliwa kwa macho. Mfumo una tarehe ya mwisho ambayo haikuandikwa kwenye kasha, na hiyo ndiyo inayoamua kama mtaji umetumika vizuri.

Windows 10, iliyomo kwenye kompyuta kuukuu nyingi, ilikoma kupata huduma ya kawaida ya Microsoft Oktoba 14, 2025. Kompyuta haikuzimika siku hiyo. Kilichokoma ni marekebisho ya bure ya kuziba matundu ambayo virusi na wezi hupitia. Kwa duka linalohifadhi orodha ya wadeni na nakala za vyeti vya wateja, hasara huanzia hapo.

Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa mpya zaidi, hivyo mashine nyingi za kabla ya 2018 hazikubaliki. Kampuni inaweza kuinunulia Windows 10 huduma ya nyongeza: dola 61 za Marekani kwa kompyuta moja mwaka wa kwanza, 122 wa pili na 244 wa tatu. Jumla dola 427, ambazo kwa kompyuta kuukuu nyingi zinazidi bei ya mashine yenyewe.

Ndipo wengine wanapogeukia mifumo huria. Ubuntu 24.04, iliyotolewa Aprili 2024, imeahidiwa marekebisho ya bure kwa miaka 5. Mwenye biashara anayejiandikisha kwa Canonical, kampuni inayoitoa, huongezewa hadi 2034 bila malipo kwa kompyuta zisizozidi 5. Canonical hupata fedha zake kwa kuuzia huduma makampuni makubwa.

Hata hivyo ahadi nayo huweza kukatishwa. CentOS 8 ilitarajiwa kuhudumiwa hadi 2029, lakini Desemba 2020 ilitangazwa kwamba ingekoma mwisho wa 2021, na ikakoma. Waliokuwa wameitegemea kwenye seva zao walilazimika kuhama upesi.

Upande wa matumizi, hesabu ni nyepesi zaidi. Anayetunza vitabu kwa Tally, au kwa QuickBooks ya kusakinisha, amefungwa na Windows, na kuhama kutamgharimu kuliko leseni. Anayeandika barua, kuchapa mitihani na kufungua tovuti ya TRA anatoshelezwa na LibreOffice na kivinjari. Kikwazo chake huwa printa. Aijaribu na Ubuntu hukohuko kwa muuzaji, na marekebisho yote yapakuliwe kwa intaneti ya muuzaji, kwani kuyapakua Suji kwa bando la simu ni gharama nyingine, na fundi akihitajika ni nauli ya kushuka tena Makanya.