Magadi, Mchanga na Pumzi

Magadi tunayotia kwenye maharage yaive upesi ndiyo yaliyowezesha kioo kingi cha kale kuwepo. Mchanga mtupu hauyeyuki mpaka joto likaribie nyuzi 1,700 za Selsiasi, na tanuri za kuni za kale hazikufika huko. Ukitiwa magadi hulainika mapema zaidi, ila kioo chake huliwa na maji usipoongeza chokaa. Mchanga wa mdomo wa mto Belus, karibu na mji wa Akko, Israeli ya leo, ulikuwa na vipande vya kombe. Chokaa bahari ilikwisha kuitia. Magadi yaliletwa kutoka Wadi Natrun, Misri.

Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 1,000 chombo cha kioo kilikuwa mali ya wakubwa. Fundi alizungushia kioo kilicholainika kwenye kiini cha udongo, akangoja kipoe, kisha akaukwangua udongo wote kupitia shingoni. Kazi yote hiyo, na alichopata ni kichupa cha manukato cha kukaa kiganjani.

Mjini Jerusalem, mwanaakiolojia Nahman Avigad na wachimbaji wake walikuta birika lililojazwa taka za karakana ya kioo ya karne ya 1 kabla ya Kristo. Humo mlikuwa na mirija ya kioo, mingine imezibwa ncha na kupulizwa ikavimba kidogo. Bomba la chuma la kupulizia lilikuwa bado. Mtu alipasha moto ncha ya mrija, akapuliza. Taka hizo naziona bora kuliko vikombe vizuri vya makumbusho, kwa kuwa ndani yake unauona mkono ukijaribu jambo ambalo bado halina jina. Haukupita muda mrefu, mwanajiografia wa Kigiriki Strabo akaandika kwamba Roma kikombe cha kioo kinanunuliwa kwa sarafu ya shaba.

Pumzi inafaa kwa sababu kioo hakigandi ghafla kama maji yanavyokuwa barafu. Huanza kama asali, kikawa kama nta, kisha kikakaza. Fundi huchota donge kwa bomba, hulibiringisha juu ya bamba la chuma, hupuliza, hulirudisha motoni, wala haachi kulizungusha, maana likitulia kidogo tu huning'inia upande mmoja.

Kikombe kikishapata umbo huingizwa kwenye tanuri nyingine, ya nyuzi kama 500, kipoe polepole usiku kucha. Kikiachwa mezani, ngozi yake hupoa kabla ya moyo. Vikavutana, na huenda kikapasuka chenyewe pasipo kuguswa na mtu.