Usivitupe Vichwa vya Dagaa

Pindo la gauni ndilo lililonionyesha kwamba mama anapungua. Lilikuwa gauni lake la kitenge la kwendea kanisani, fundi alilishona likaishia kwenye vifundo vya miguu. Baada ya miaka michache likaanza kufagia sakafu. Nikadhani kitenge kimelegea kwa kufuliwa. Kumbe pingili za uti wa mgongo zilikuwa zinabonyea moja moja, naye mwenyewe akisema tu kwamba kiuno kinamsumbua.

Dalili ya kwanza tulikuwa tumeshaipata, tukaipita. Miaka miwili nyuma aliteleza mlangoni, akatanguliza mkono, ukavunjika pale penye kifundo. Hospitalini akafungwa hogo, akapewa vidonge vya maumivu, tukarudi nyumbani. Hakuna aliyetuuliza imekuwaje mama wa miaka 61 avunjike mkono kwa kuteleza tu, na sisi hatukujua kwamba hilo ni swali.

Leo mimi nina miaka 56, hedhi yangu ilikoma nikiwa na 51, na swali hilo nalibeba kila ninapokwenda sokoni.

Mfupa uko hai. Kila siku mwili unabomoa sehemu iliyochakaa na kujenga mpya mahali pake, kama nyumba inayokarabatiwa wenyewe wakiwa bado wanaishi ndani. Kwa mwanamke, homoni ya estrojeni ndiyo inayomshika mkono mbomoaji asizidi. Hedhi inapokoma homoni hiyo hushuka, na ubomoaji hukimbia ujenzi ukabaki nyuma. Miaka mitano hadi saba ya mwanzo ndiyo ya kuogopwa zaidi: mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake, na asisikie chochote. Jambo hili si geni kwa waganga. Daktari Fuller Albright wa Boston, Marekani, aliandika na wenzake juu yake mwaka 1941. Mama yangu alikuwa hajazaliwa.

Chakula hakiwezi kuirudisha estrojeni iliyoondoka. Kinachoweza ni kuhakikisha fundi wa mfupa hakosi vifaa, na kifaa kikubwa ni madini ya kalsiamu. Mwanamke aliyepita miaka 50 anashauriwa apate kama miligramu 1,200 kwa siku. Kikombe kikubwa cha maziwa au mtindi kina karibu 300. Sasa niambie, ni wangapi kati yetu wanakunywa vikombe vinne? Chai ya maziwa tunayoisifu, mara nyingi maziwa yake ni ya kubadilisha rangi tu.

Ndiyo maana nafuata dagaa kwenye soko la samaki la Mwaloni, hapa Kirumba, Mwanza.

"Mama, nikupimie wa mchangani au wa chanja?" ananiuliza binti anayeniuzia.

"Wa chanja, mwanangu. Wale wengine nitawaosha mpaka jioni."

Dagaa aliyekauka juu ya chanja hana mchanga, hivyo maji mawili ya uvuguvugu yanamtosha. Natandaza kwenye ungo, natoa majani na vijiti, basi. Kichwa sigusi. Nyumbani kwetu tulilelewa kuvinyofoa vichwa ili mboga isiwe chungu na mgeni asione macho kwenye sahani, na ungo mzima wa vichwa tukawamwagia kuku. Mayai ya kuku wale yalikuwa na maganda magumu, uligonga mara mbili ndipo yapasuke. Nikikumbuka hilo moyo unaniuma, kwa sababu mama alikuwa anamlisha kuku kile ambacho mwili wake ulikuwa unakililia. Kalsiamu ya dagaa iko kwenye mifupa yake, na kichwa karibu chote ni mfupa. Kiganja kilichojaa dagaa wakavu, wakiliwa wazima, kinashindana na kikombe cha maziwa. Minofu ya sangara haikupi hata robo ya hicho.

Nawakaanga kwa mafuta kidogo hadi wawe wakavu, kitunguu na nyanya baadaye, mwisho ndimu. Chumvi naibania, maana chumvi ikizidi mwilini hutoka na kalsiamu kwenye mkojo.

Kuhusu mboga za majani lazima niseme wazi, kwa sababu tunadanganyana. Mchicha na spinachi vina kalsiamu nyingi, lakini vina pia asidi ya oksaliki inayoikamata isiingie mwilini. Mwaka 1988 Robert Heaney na wenzake nchini Marekani walipima: kalsiamu ya spinachi iliyofyonzwa ilikuwa kama asilimia 5, ya maziwa zaidi ya 27. Miaka miwili baadaye wakapima mboga ya jamii ya sukuma wiki, nayo ikafyonzwa vizuri kuliko hata maziwa. Kula mchicha kwa faida zake nyingine, lakini kwa ajili ya mifupa chemsha sukuma wiki.

Ufuta wa Lindi, usiokobolewa, kijiko kimoja kikubwa kina kama miligramu 90; mimi naukaanga bila mafuta, nautwanga, naunyunyiza kwenye uji. Na uji wenyewe uwe wa ulezi, nafaka inayoyashinda mahindi kwa mbali sana kwa kalsiamu. Ukiuchachusha usiku mmoja ni bora zaidi.

Bila vitamini D kalsiamu hupita tu, na vitamini hiyo tunaipata hasa kwa jua kugusa ngozi. Anayeshinda ndani, au anayejifunika mwili wote atokapo, amwambie daktari ampime. Protini nayo: mama alipozeeka alianza kula ugali kwa mchuzi mtupu akisema nyama inamchosha meno. Nilipaswa kumpikia maharage na mayai.

Vidonge vya kalsiamu si njia ya mkato. Utafiti mkubwa wa wanawake zaidi ya 36,000 Marekani, uliotolewa mwaka 2006, ulionyesha vidonge pamoja na vitamini D viliongeza kidogo uzito wa mfupa wa nyonga, lakini havikupunguza mivunjiko ya nyonga kwa kiasi cha kutegemewa, na mawe ya figo yakaongezeka. Mwenye ugonjwa wa figo asianze chochote bila daktari. Na aliyekwisha kuvunjika kama mama, chakula peke yake hakimtoshi: aombe kupimwa uzito wa mifupa, dawa zipo.

Mama yu hai, ana miaka 79, anatembea na mkongojo kutoka chumbani hadi jikoni. Jumapili iliyopita alikaa kwenye kigoda akainama juu ya sufuria yangu.

"Vichwa umeviacha?"

"Nimeviacha, mama."

Akachukua kimoja kwa vidole, akakitafuna polepole kwa upande wenye meno.