Dhahabu ya RuneScape kwa simu: kwa nini soko linalipa kuliko upanga

Anayecheza Old School RuneScape kwa simu akiwa Kitomanga, mkoani Lindi, ana hesabu moja ya kupiga ambayo gemu lenyewe halimwonyeshi. Kila saa anayocheza inakula bando na chaji, lakini si kila saa inaleta dhahabu sawa.

Wengi huanza vilevile: wanashika upanga, wanapiga goblini na ng'ombe, wanaokota kinachodondoka. Baada ya wiki mbili mfuko bado mwepesi. Wanasema gemu ni gumu. Gumu siyo gemu, ni njia waliyoichagua.

Kwa asiyelijua, RuneScape lilianza mwaka 2001 huko Cambridge, Uingereza, likitengenezwa na kampuni ya Jagex. Toleo la Old School lilifunguliwa Februari 2013 kwa kutumia nakala ya gemu ilivyokuwa mwaka 2007, na kwenye simu lilifika rasmi Oktoba 30, 2018. Ni ulimwengu wa wachawi, mazimwi na mashujaa, wanaochezea humo ni watu wa nchi zote kwa wakati mmoja, na pesa yake ni sarafu za dhahabu. Kucheza ni bure, ila sehemu kubwa ya ramani, kazi na silaha ni za wanachama wanaolipia.

Dhahabu ya nini hasa?

Hapa ndipo ishu inapokuwa ya kweli kwa kijana asiye na kadi ya benki. Uanachama unaweza kulipiwa kwa dhahabu ya gemu. Ipo bidhaa inaitwa Bond: mchezaji mwenye hela zake anainunua kwa pesa halisi, anaiweka sokoni ndani ya gemu, na wewe unainunua kwa dhahabu uliyoichuma. Bond moja inakupa siku 14 za uanachama.

Bei yake hupanda na kushuka, ila kwa miaka ya karibuni imekuwa ikizidi dhahabu milioni 10. Tuchukulie milioni 14 ili hesabu iwe rahisi. Anayechuma 100,000 kwa saa anahitaji saa 140. Ukizigawa kwa siku 14 za uanachama ule, ni saa 10 kila siku, yaani uanachama unaisha kabla hujaufurahia. Anayechuma 700,000 kwa saa anahitaji saa 20 tu. Gemu ni lile lile na simu ni ile ile, lakini mmoja ameajiriwa na mchezo na mwenzake anacheza.

Kwa hiyo kipimo ni dhahabu kwa saa. Na saa inahesabiwa yote: kutembea, kupanga benki, kusubiri mtandao urudi, hadi kufa na kufuata vitu vyako. Video nyingi za mtandaoni zinaonyesha saa moja nzuri tu, ya mtu mwenye kompyuta, viwango vya juu na intaneti isiyokatika.

Ngozi, uchawi na uchuuzi

Njia ya kuanzia kwa asiye mwanachama ni ngozi ya ng'ombe. Badala ya kuua ng'ombe mmoja mmoja, unanunua ngozi mbichi sokoni, unazipeleka kwa fundi wa ngozi aliyepo mji wa Al Kharid, unamlipa sarafu 1 kwa kila ngozi laini, kisha unaziuza. Mfuko una nafasi 28. Moja inakaliwa na sarafu, zinabaki 27. Ikiwa faida ni sarafu 40 kwa ngozi na unapiga safari 40 kwa saa, unapata 43,200. Ni kazi ya kuchosha, lakini haihitaji kiwango chochote cha ujuzi, na inampa mgeni mtaji wa kwanza.

Hatua inayofuata ni uchawi wa High Alchemy, unaofunguka ukifika kiwango cha 55 cha uchawi. Unageuza kitu kuwa dhahabu, na unalipwa asilimia 60 ya thamani yake iliyowekwa na gemu, hata kama bei ya sokoni ni tofauti. Deraya iitwayo Rune platebody, kwa mfano, inageuka kuwa sarafu 39,000. Ukiipata sokoni kwa 38,500, na jiwe la uchawi la Nature rune ukalinunua kwa 120, umebakiwa na 380. Ukiwa na fimbo ya moto huhitaji mawe mengine.

Sarafu 380 zinaonekana za kuokota. Lakini uchawi huo unachukua sekunde 3. Deraya 70 ni dakika tatu na nusu, faida 26,600. Tatizo ni mawili. Kwanza mtaji: deraya 70 ni karibu dhahabu milioni 2.7. Pili, soko linakuwekea kikomo, huwezi kununua zaidi ya 70 ndani ya saa nne. Ndiyo maana wazoefu hawang'ang'anii bidhaa moja, wanazungusha kadhaa. Kosa la kawaida ni kusahau gharama ya jiwe. Mtu anaona 38,950 dhidi ya 39,000, anashangilia faida ya 50, kumbe kila akibonyeza anapoteza 70.

Soko lenyewe linaitwa Grand Exchange, lipo mji wa Varrock. Mkulima wa Lindi aliyezoea kupeleka ufuta au korosho ghalani na kusubiri mnada atalielewa haraka: muuzaji anaweka mzigo na bei, mnunuzi anaweka oda yake, mfumo unawakutanisha bila wao kuonana. Oda inaendelea kufanya kazi hata ukitoka kwenye gemu na kuzima data. Kwa mtu wa bando la kupima, hilo ni jambo kubwa kuliko upanga wowote.

Hapo ndipo uchuuzi unapoingia: kununua kwa bei ya chini na kuuza kwa bei ya juu, bila kutoka sokoni. Watu wa Kusini wana neno la karibu na hili, kangomba, ile biashara iliyopigwa marufuku ya walanguzi kununua korosho za mkulima kwa bei ya kutupa nje ya mfumo rasmi. Tofauti ni kwamba sokoni RuneScape hakuna anayebanwa na ada ya shule wala mgonjwa nyumbani. Bei zote ziko wazi, na kila mtu anaweza kuzikagua.

Uchuuzi una kodi, na hapa wengi wanalia. Desemba 2021 soko lilianza kukata asilimia 1 kwa muuzaji. Mei 2025 ikapanda kuwa asilimia 2. Nunua kitu kwa 1,000, kiuze 1,030, kodi ni 20, unabaki na 10. Faida uliyoiona kwa macho imekatwa theluthi mbili. Vitu vya bei ndogo sana, chini ya sarafu 50, havikatwi, ndiyo maana mishale na mawe ya uchawi ya bei rahisi vina wachuuzi wake wa kudumu.

Asiye mwanachama ana nafasi 3 tu za oda kwa wakati mmoja, mwanachama ana 8. Na akaunti mpya ya bure huzuiwa kuuza baadhi ya bidhaa hadi ikomae kidogo, kwa hiyo asiyeweza kuuza wiki ya kwanza asidhani simu imeharibika.

Wazo la kwamba dhahabu inamfuata mwenye soko siyo geni ukanda huu. Kilwa Kisiwani, kaskazini mwa Kitomanga kwenye pwani hiyo hiyo, haikuwa na mgodi. Dhahabu ilichimbwa bara, kwenye nyanda za Zimbabwe, ikashuka bandari ya Sofala, na masultani wa Kilwa wakaishika njia na ushuru wake. Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga kasri la Husuni Kubwa. Sarafu za Kilwa zilizookotwa ni nyingi, ila karibu zote ni za shaba. Za dhahabu zinazojulikana ni chache mno. Mji uliotajirika kwa dhahabu ulikuwa unanunulia samaki kwa shaba.

Ukishapata uanachama

Kwa simu, njia inayolipa vizuri kwa dakika ni kilimo. Unapanda mbegu za majani ya dawa kwenye mashamba madogo yaliyotawanyika kwenye ramani, unatia mbolea ili yasishikwe na ugonjwa, unatoka. Yanakomaa kwa dakika 80, hata simu ikiwa imezimwa. Ukirudi unavuna, unapanda tena, unaondoka. Mzunguko mmoja kwa aliyezoea ni kama dakika tano.

Mizunguko minne kwa siku ni dakika 20 za data. Mtu anaweza kupiga mmoja asubuhi kabla ya kwenda shamba la kweli na mwingine akisubiri basi la Lindi. Mbegu ya Ranarr, inayopandwa kuanzia kiwango cha 32 cha kilimo, ni moja ya zinazotafutwa sana kwa sababu dawa yake inahitajika muda wote. Bei ya mbegu lazima iangaliwe kwanza. Zipo siku mbegu inapanda na mavuno yanashuka.

Kinachosifiwa sana na hakifai kwa mtandao wa kuyumba ni Wilderness, eneo ambalo wachezaji wengine wanaruhusiwa kukuua na kuchukua mali yako. Dhahabu ipo kweli. Lakini ukikatika mtandao katikati ya mapigano, mhusika wako anabaki amesimama pale. Mei 12, 2024, nyaya za intaneti chini ya bahari ya Hindi zilipokatika na Tanzania nzima ikashikwa na kigugumizi, kuchuma huko kungekuwa sawa na kugawa mali bure.

Vipi kuhusu kuiuza kwa shilingi?

Swali hili halikwepeki. Venezuela ilipoanguka kiuchumi, maelfu ya vijana waliingia RuneScape kuua mazimwi ya kijani na kuiuza dhahabu kwa dola, kwa sababu dola chache zilishinda mshahara wa mwezi wa nyumbani. Waliitegemea kwa chakula. Machi 2019 umeme ulipokatika nchi nzima kwa siku kadhaa, wachezaji wengine duniani waliona tofauti ndani ya gemu.

Ila sheria za gemu zinakataza kuuza dhahabu kwa pesa halisi. Adhabu ni akaunti kufungwa, na miezi ya kazi inaondoka nayo. Isitoshe, muuzaji hana pa kushtaki: ukishaikabidhi dhahabu na mnunuzi akazima simu, imekwisha. Na kadiri wachumaji na roboti wanavyoongezeka, bei ya dhahabu kwa dola inashuka, hivyo saa zile zile zinalipa kidogo zaidi kila mwaka.

Waliotapa Hamster Kombat mwaka 2024 wanaifahamu ladha yake. Miezi ya kubonyeza skrini, halafu Septemba 26 sarafu ikaingia sokoni na wengi wakaambulia hela isiyofidia hata bando. RuneScape angalau haijawahi kuahidi kumlipa mtu. Dhahabu yake iliyo salama kutumia ni ile inayonunua Bond, kwa sababu inaokoa pesa halisi ambayo ungelipia uanachama. Ukiinunua hiyo Bond sokoni, itumie. Ukitaka kuiuza tena utalipa asilimia 10 kuirudisha iwe ya kuuzika.

Kuhusu matapeli, Mtanzania ana chanjo kidogo. Aliyewahi kupokea ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" atamtambua mtu anayesimama sokoni Varrock akipiga kelele kwamba anazidisha dhahabu mara mbili. Unampa 10,000, anarudisha 20,000. Unampa 50,000, anarudisha 100,000. Unampa milioni, anapotea. Wengine hutuma viungo vya kurasa zinazofanana na ya Jagex ili uandike nywila yako, na hao ni wabaya zaidi, maana wanabeba akaunti nzima. Uthibitisho wa hatua mbili unawashwa bure kwenye mipangilio ya akaunti, na unatakiwa pia kwenye barua pepe iliyosajiliwa, kwa kuwa anayeiteka barua pepe anaweza kubadilisha nywila bila kukugusa.