JE, DISKI YA KOMPYUTA YAHITAJI KUPANGWA UPYA?

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, iliyoanzishwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, iko wilayani Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Humo Kiswahili husemwa na wengi waliotoka Kongo na Burundi, na tangu mwaka 2010 baadhi ya wakazi wake wamekuwa wakisoma masomo ya juu kwa njia ya kompyuta. Kwa jamaa ya mwanafunzi wa namna hiyo, kompyuta, hata iliyokwisha tumika, ni mali ya kutunzwa kama cherehani.

Kompyuta inapoanza kwenda polepole, mwenye nayo huambiwa aipange diski upya. Kabla ya kutii, hana budi kujua diski yake ni ya aina gani.

Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea. Faili likitawanyika vipande vipande, kichwa hicho huhangaika mfano wa mtunza bohari anayetafuta shati rafu hii, suruali rafu ile, na viatu chumba cha nyuma. Kila safari huchukua kiasi cha sehemu 10 za elfu za sekunde. Safari zikiwa maelfu, kazi huzorota. Hapo kupanga upya kwafaa.

Diski mpya iitwayo SSD haina sahani wala kichwa. Kipande kilichotawanyika hufikiwa upesi, karibu sawa na kilicho mahali pake. Kuipanga upya hakuleti nafuu ya kuonekana, bali huipunguzia umri, kwani chembe zake huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara. Windows, tangu toleo la 8 la mwaka 2012, hutambua aina ya diski na kuihudumia ipasavyo. Hakuna haja ya kununua programu nyingine.

Uvivu huweza kuwa na sababu nyingine: diski imejaa, kumbukumbu ni ndogo, au diski yenyewe yaugua. Diski ya sahani inayogongagonga isipangwe upya, maana ni kumkimbiza mgonjwa. Kwanza kazi zote zinakiliwe mahali pengine. Diski nyingine yaweza kununuliwa Lilongwe. Masomo ya mwaka mzima yakipotea, hayauzwi dukani.