Uvimbe wa Taya Usiouma

Katika nchi ya chai, kutoka Kericho hadi Sotik na Bomet, mtu akiona shavu lake limevimba husema, "Ni jino." Mara nyingi husema kweli. Jino lililooza huleta usaha. Shavu huwa na moto na maumivu, nao uvimbe huja kwa siku chache. Lakini uko uvimbe mwingine, mgumu kama mfupa, usiouma, unaokua polepole kwa miezi na miaka. Kwa kuwa hauumi, mchuma chai hujifunga kitambaa akaendelea na kazi. Hapo ndipo hatari ilipo.

Uvimbe wa namna hii kwa kawaida si saratani. Hausambai mwilini, hauambukizi, wala hauletwi na laana. Hata hivyo, yafaa ifahamike kwamba uko wa aina nyingi. Mmoja ni mfupa mtupu ulioota juu ya mfupa. Mwingine una nyuzinyuzi ndani yake zinazogeuka kuwa mfupa. Huo huonekana zaidi kwa wanawake, hasa katika taya la chini. Wa tatu huanza utotoni, mfupa mzuri ukibadilika kuwa nyuzinyuzi, na mara nyingi hupunguza mwendo mtu akiisha kukua. Tena uko unaoota karibu na sikio, penye kiungo cha taya, nao una kofia ya gegedu. Mgonjwa huona kidevu kinakwenda upande, na meno hayakutani sawasawa. Uvimbe wa gegedu tupu ni nadra sana tayani, na daktari huuchunguza kwa hadhari, maana waweza kuwa saratani iliyojificha.

Watoto wana habari yao. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya. Mwaka 1958 alieleza ugonjwa huo, na mwaka 1961 alisafiri kwa gari maelfu ya maili akiuliza hospitali mbalimbali za Afrika. Akagundua kwamba huonekana sana katika nchi za joto na mvua, na ni haba katika nyanda za juu zenye baridi. Leo twajua kwamba malaria ina sehemu yake. Huo ni saratani, nao hukua upesi mno, hata kwa siku chache. Lakini watoto wengi hupona kwa dawa wakiwahi. Kwa hiyo uvimbe wa taya la mtoto usingojewe hata juma moja.

Je, daktari hutambuaje? Kwanza hupiga picha ya eksirei. Kisha hukata kipande kidogo cha uvimbe, kikatazamwa kwa hadubini. Yote mawili yahitajika, kwani aina mbili za uvimbe zaweza kufanana kabisa chini ya hadubini, lakini katika picha moja ina mpaka ulio wazi na nyingine imechanganyika na mfupa mzima. Matibabu nayo hutofautiana: mmoja hutolewa wote, mwingine huangaliwa tu kila mwaka.

Uvimbe ukiwa mdogo, mara nyingi hutolewa na taya likabaki. Ukiachwa miaka kumi, huenda ikalazimu kukata sehemu ya taya na kuijenga upya kwa mfupa wa nyonga au wa mguu. Kazi hiyo ni kubwa, na gharama yake ni kubwa vilevile.

Basi, msomaji, ukiona uvimbe mgumu usiokwisha kwa majuma mawili, au jino linalolegea bila kuoza, usikubali kung'olewa jino kabla ya kupigwa picha, wala usichanjwe wala kuchomwa. Nenda katika hospitali ya rufaa ya Kericho, au Longisa, au Tenwek. Wao watakuelekeza Nairobi ikibidi. Usingoje maumivu, kwani uvimbe huu haupigi hodi.