Njiti na Kinga Aliyoikosa Tumboni

Mtoto akizaliwa kabla ya kutimia wiki 37 twamwita njiti, na jambo la kwanza jamaa hulitazama ni uzito wake. Uzito una maana, lakini upo upungufu mwingine usioonekana kwa macho, nao huwaua wengi: mtoto huyu hakuwahi kukabidhiwa kinga yote ya mamake.

Mwenyezi Mungu amejaalia kwamba maradhi aliyougua mama na chanjo alizopigwa huacha askari katika damu yake. Askari hao humvukia mtoto kupitia kondo la nyuma, na wengi wao huvuka katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, hususan wiki za mwisho kabisa. Aliyezaliwa kwa wiki 28 huja duniani na sehemu ndogo tu ya akiba hiyo. Chembe nyeupe za damu yake mwenyewe hazijakomaa, ngozi yake ni nyembamba mno, na utumbo wake haujakaza. Kijidudu ambacho kwa mtoto aliyetimia hakina neno, kwake chaweza kuingia damuni na kumdhoofisha kwa saa chache.

Ndiyo sababu wauguzi huzuia wageni wadini. Jamaa hukasirika, wakadhani wananyimwa mtoto wao. Hawanyimwi.

Nasema haya bila kuzidharau ada zetu. Tahniki ni sunna njema, lakini si wajibu, na kanuni ya sharia ni kuwa madhara huondoshwa. Mtoto ambaye hata ziwa hajaruhusiwa kunyonya asitiwe kinywani tende iliyotafunwa na mtu mzima. Adhana babake aweza kumsomea kwa sauti ya chini, baada ya kunawa mikono kwa sabuni. Akika siku ya saba ndiyo bora, lakini madhehebu yetu ya Shafii yaruhusu kuichelewesha; mbuzi atangoja. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja. Moshi wa udi na ubani usimfikie, kwani mapafu yake bado ni machanga, na kitovu kisitiwe majivu wala chochote ambacho hospitali haikutoa.

Anachohitaji ni maziwa ya mamake. Dang'a, yale mazito ya manjano ya siku za mwanzo ambayo baadhi yetu huyamwaga, yamejaa kinga, na hata matone machache yakipakwa ndani ya mashavu yana faida. Maziwa ya mama humpunguzia njiti hatari ya ule ugonjwa unaoozesha utumbo. Mama akamue kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, hata kama mtoto hajaweza kunyonya.

Akipewa maziwa ya mwanamke mwingine, iwe kwa jirani wa wadini au kutoka benki ya maziwa kama ile iliyofunguliwa Pumwani, Nairobi, mwaka 2019, jina la mwenye maziwa liulizwe na liandikwe. Kwa Mashafii, kunyweshwa kwa kikombe ni sawa na kunyonya, na mara tano huthibitisha undugu wa kunyonya. Walakini mtoto anayechelea kufa asikatazwe maziwa kwa hofu ya ndoa ya miaka 20 ijayo.

Kisha abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, chini ya leso. Njia hii ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kuianza mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto wadogo kwa robo. Baba naye ana kifua.

Akisharudi nyumbani, msingoje homa. Njiti aliyeambukizwa mara nyingi hupoa badala ya kuchemka. Akikataa kunyonya, akilegea, tumbo likimvimba, au akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, apelekwe hospitali usiku uo huo, wala asingojewe babake arudi safari.