Upasuaji wa kupunguza uzani waweza kuokoa ini, lakini si la kila mgonjwa

MTU ambaye hajaonja pombe maishani anapoambiwa na daktari kwamba ini lake limejaa makovu kama la mlevi wa miaka mingi, jambo la kwanza analofanya ni kukana. Baadaye huenda hata jamaa zake wakaanza kumtazama kwa jicho la shaka. Ilhali kiini cha masaibu yake chaweza kuwa mafuta yaliyorundikana ndani ya ini, hasa kwa mtu mnene au mwenye kisukari.

Madaktari wenyewe walichukua muda kulitambua hilo. Mnamo 1980, Dkt Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, nchini Marekani, walichapisha habari za wagonjwa 20 ambao vipande vya ini lao, vilipotazamwa kwa hadubini, vilifanana na vya walevi ingawa hawakuwa wanywaji. Wengi wao walikuwa wanene. Mwaka wa 2023 vyama vya wataalamu wa ini viliupa ugonjwa huo jina jipya linaloutaja moja kwa moja kuwa ni hitilafu ya jinsi mwili unavyotumia sukari na mafuta.

Ugonjwa huu huenda kwa hatua. Mafuta hujaa kwanza katika seli za ini pasipo madhara makubwa. Kwa baadhi ya watu, ini hatimaye huvimba, seli zake hufa na mahali pake pakafanyika makovu. Makovu yakienea kote, ini huwa gumu lenye vinundu, hali ambayo madaktari huiita sirosisi. Safari hiyo yaweza kuchukua miaka mingi, na sehemu kubwa ya muda huo mgonjwa haumwi popote.

Tiba ya kwanza ni kupunguza uzani, na hakuna daktari anayebisha. Utafiti uliofanywa Cuba na kuchapishwa 2015 uliwafuata watu 293 kwa muda wa mwaka mmoja wakibadilisha mlo na kufanya mazoezi. Waliopunguza angalau asilimia 10 ya uzani wao, tisa kati ya kila 10 walipona uvimbe wa ini. Habari njema hiyo ina upande wa pili: waliofaulu kufika kiwango hicho walikuwa 29 pekee. Kumwambia mtu wa kilo 130 ajinyime chakula ni rahisi. Kumwezesha adumu hivyo mwaka baada ya mwaka ni kazi nyingine kabisa.

Hapo ndipo upasuaji unapoingia. Aina mbili ndizo zinazotumika zaidi. Katika ya kwanza, daktari hukata na kuondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula, ukabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Katika ya pili, mfuko mdogo hutengwa sehemu ya juu na kuunganishwa na utumbo mwembamba, hivi kwamba chakula hupita kando ya sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Mgonjwa hushiba upesi, lakini si hilo tu. Homoni zinazotoka utumboni hubadilika, njaa hupungua na insulini hufanya kazi vyema zaidi.

Matokeo yake kwa ini ni ya kutajika. Madaktari wa Lille, Ufaransa, waliwafuata wagonjwa 180 wenye unene wa kupindukia na ini lililovimba, na 2020 wakaripoti kwamba miongoni mwa waliopimwa ini tena miaka mitano baada ya upasuaji, asilimia 84 hawakuwa tena na uvimbe. Makovu pia yalipungua kwa asilimia 70 ya waliopimwa. Jaribio lililofanywa Italia na kuchapishwa 2023 lilikuwa na uzito zaidi, kwa sababu wagonjwa 288 waligawanywa kwa kura. Baada ya mwaka mmoja, zaidi ya nusu ya waliopasuliwa walikuwa wamepona uvimbe wa ini, ikilinganishwa na asilimia 16 ya waliofuata mlo na mazoezi.

Si kila upasuaji wa aina hii umekuwa rafiki wa ini. Ule wa awali, uliobuniwa Marekani katika miaka ya 1950, uliuruka karibu utumbo mwembamba wote. Wagonjwa walikonda, naam, lakini baadhi yao wakapatwa na ini lililoharibika kabisa, na wengine wakafa. Uliachwa, ingawa kumbukumbu yake ndiyo iliyowafanya wataalamu wa ini kuogopa kisu kwa muda mrefu. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga.

Swali gumu zaidi lahusu wale ambao makovu yamekwisha kufika kiwango cha sirosisi. Je, nao wapasuliwe? Jibu halitegemei sana kilo za mgonjwa, bali ini lenyewe bado lina nguvu kiasi gani. Madaktari huigawa sirosisi mafungu mawili. Katika fungu la kwanza, ini lina makovu lakini lingali linatimiza wajibu wake. Katika la pili limelemewa: tumbo hujaa maji, macho huwa ya manjano, mgonjwa hutapika damu au huchanganyikiwa akili.

Tofauti ya makundi haya mawili ni ya kufa na kupona. Watafiti waliochunguza rekodi za hospitali za Marekani za kati ya 1998 na 2007 waligundua kwamba waliofariki hospitalini baada ya upasuaji wa kupunguza uzani walikuwa asilimia 0.3 ya wasio na sirosisi na asilimia 0.9 ya wenye sirosisi ambayo ini lake bado linafanya kazi. Kwa wale ambao ini lao lilikuwa limelemewa, waliofariki walikuwa asilimia 16.3, yaani takriban mmoja kati ya kila sita. Vifo viliongezeka pia katika hospitali zilizofanya upasuaji huo mara chache kwa mwaka, jambo ambalo mgonjwa yeyote ana haki ya kuuliza kabla ya kutia sahihi.

Kwa kundi la kwanza, matumaini yameongezeka. Mapema 2025, watafiti wa Cleveland Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 168 wanene wenye sirosisi isiyolemea ini, 62 kati yao wakiwa wamepasuliwa. Katika kipindi cha miaka 15, matatizo makubwa ya ini yalikadiriwa kuwapata asilimia 20.9 ya waliopasuliwa na asilimia 46.4 ya wasiopasuliwa. Wagonjwa hao hawakugawanywa kwa kura, kwa hivyo yawezekana waliochagua kisu walikuwa na afya bora tangu mwanzo; hata watafiti wakijitahidi kusawazisha makundi, shaka hiyo haiishi yote.

Kabla ya kuamua, daktari huangalia zaidi presha ya damu katika mshipa mkubwa unaotoka utumboni kuingia ini. Ini likiwa gumu, damu hukwama, wengu huvimba na mishipa ya umio na tumbo hufura. Mishipa hiyo ikiguswa na kisu, mgonjwa aweza kuvuja damu hadi kufa. Ndiyo maana kamera ndogo hupitishwa kooni kuitafuta, na damu hupimwa kuona kama chembe zinazoigandisha zimepungua. Wiki kadhaa kabla ya upasuaji, mgonjwa huwekwa kwenye mlo mkali ili ini lipungue ukubwa, maana limelala juu ya tumbo na huziba njia ya daktari.

Kwa mwenye sirosisi, madaktari wengi huchagua aina ya kwanza, ya kukata mfuko wa chakula. Upasuaji wenyewe huwa mfupi na chakula huendelea kupita njia yake ya kawaida. Endapo ini litahitaji kubadilishwa baadaye, ni rahisi zaidi kuifikia mirija ya nyongo, na dawa za kulinda ini jipya hufyonzwa vyema. Aina ya pili ina hatari nyingine: pombe huingia damuni haraka zaidi, na uchunguzi wa Marekani uliochapishwa 2012 ulionyesha ulevi ukiongezeka kufikia mwaka wa pili baada ya upasuaji. Kwa mtu mwenye makovu ya ini, hilo ni janga juu ya janga.

Dawa nazo zimeanza kushindana na kisu. Marekani iliidhinisha resmetirom 2024 na semaglutide 2025 kwa ugonjwa huu, lakini kwa walio na makovu ambayo hayajafika sirosisi.

Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzani uliozidi kiasi, na miongoni mwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5. Hata hivyo, sirosisi nyingi katika eneo hili husababishwa na virusi vya homa ya ini aina ya B na pombe, na kukatwa tumbo hakuondoi virusi wala kiu ya chang'aa. Kwa hivyo mnene mwenye ini bovu hastahili kudhaniwa tu kwamba ni mafuta. Apimwe virusi kwanza. Anayepasuliwa naye hujitwika mzigo wa maisha wa kumeza vitamini na kula protini ya kutosha, la sivyo misuli huisha.

Hata akipungua kilo 40, mwenye sirosisi huendelea kupimwa ini kwa altrasaundi kila baada ya miezi sita, kwa kuwa saratani yaweza kuota katika makovu yaliyosalia.